Nyama Ilinikataa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Sijazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo mkiona natazama chini, nivumilieni.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa kule karibu na Mkuyuni, mke wangu alikuwa ameshafariki, na mimi nilikula nyama kama nyinyi. Kisha mwili ukabadilika. Nikila nyama, hata mchuzi wake tu, midomo inavimba, nawashwa mwili mzima, pumzi inabana. Zahanati wakaniambia niache. Nikaacha.

Sasa, kijiji kimechinja, wote mnakula pamoja kwenye shamba la kijiji, wewe unasogeza sahani pembeni! Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote, "Ndugu, unatususia?" Mwingine akafungua kinywa, akaonyesha chonge zake: "Mungu alituwekea meno haya ya nini? Ya kutafunia mchicha?" Wakacheka. Nami nikacheka, lakini niliumia, nawaambia kweli.

Nikaanza kula nyumbani. Mwanzo siku za nyama tu, baadaye siku zote. Nachemsha maharage, napakua, nakula, nasuuza sahani moja. Jioni nyingine nilijikuta naongea na moto. Tumbo limeshiba, na bado kitu kinaniuma kama njaa.

Nilikuwa nateremsha kabichi na karoti mjini. Pale Mwembesongo kulikuwa na mama wa Kihindi mwenye duka, mteja wangu. Siku moja akanikaribisha chakula. Nikamwambia, "Samahani mama, nyama siwezi."

"Nyama gani, baba? Sisi hatuli, tangu mababu."

Nikatazama ndani: mume, watoto, bibi kizee, wote wazima wa afya, wanagombea dengu. Nikaketi nao. Akaniuliza, "Kwenu unakula na nani?" Nikarudi na swali hilo kijijini.

Kijiji kilipochinja tena, nikabeba sufuria yangu ya maharage hadi shambani, nikaiweka kando ya nyama.

Namshukuru yule mama wa dukani. Na namshukuru shangazi wa marehemu mke wangu, ambaye siku ile alimega tonge, akachovya kwenye maharage yangu, akatafuna taratibu, akasema, "Mwanangu, chumvi haijakolea." Nililia pale pale.

Kama mtu kaumbiwa nyama au majani, endeleeni kubishana, mimi sijui. Ninachowaomba ni hiki: jirani akikataa kipande, msimwache aondoke na sahani yake. Miaka ile yote chumvi yangu ilikuwa haikolei, na hapakuwa na mtu wa kuniambia.