Roboti Arobaini na Boksi Moja

Msimamizi wangu chuoni aliniambia hivi: Jumatatu unasimama mbele ya watahini kutetea udaktari wako, kwa hiyo nenda kwanza kawaeleze utafiti huo watu wa mtaani kwenu, wakikuelewa wao, umepona. Mtaani kwetu ni benchi lililo mbele ya duka la baba yangu, fundi cherehani. Hapo ndipo wanaposhinda na kahawa yao Kinyozi, ambaye kiti chake cha kunyolea kimejaa vumbi, na Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuchaguliwa kuongoza kitu chochote. Kwa miaka sita nimetengeneza roboti arobaini, kila moja ndogo kama kopo la dawa ya viatu. Jengo likiporomoka, zipenye chini ya kifusi pasipopita mtu na kuwapelekea waliofukiwa boksi la maji na dawa. Hazina mkubwa wa kuziamuru. Kila moja inaangalia jirani zake tu. Sasa zimenigeuka. Nikiziwekea boksi zilivute hadi mlangoni, zinalizunguka mpaka betri zinakwisha. Nilikuja nimejipanga kueleza yote hayo.

MIMI: Ziko arobaini, na hazina kiongozi. Nikizipa boksi zilivute, zinalizunguka tu. Sasa kazi yake hasa...

KINYOZI: Hapo hapo, simama! Hazina kiongozi, halafu unashangaa zinazunguka? Si zinamtafuta!

MWENYEKITI: Zinamtafuta wapi, bwana? Wamegoma hao. Mgomo naujua kwa macho. Ukiona watu wanazunguka kitu bila kukigusa, ujue wana madai.

MIMI: Mzee, hazina madai. Kila moja inamwangalia jirani yake...

MWENYEKITI: Umesikia? Wanapelelezana!

KINYOZI: Basi kuna msaliti. Watu arobaini hawakosi msaliti. Wapange mstari, umkazie macho mmoja mmoja, atajitaja mwenyewe.

MIMI: Anko, ni betri na magurudumu!

MWENYEKITI: Ngoja kwanza. Hilo boksi lina nini ndani?

MIMI: Mawe. Ya majaribio tu. Siku yenyewe ikifika litakuwa na...

MWENYEKITI: Mawe! Hata mimi ningelizunguka, binti yangu. Nani mwenye akili zake atavuta mawe?

KINYOZI: Mimi nawaambia, hao wanapiga kura. Kila mzunguko kura moja. Zikitimia wanatoka huko maabara, wanakuja hapa, wanatuzunguka sisi.

MWENYEKITI: Na hapo lazima watahitaji mwenyekiti.

BABA: Hebu mwacheni mwanangu. Huyo ni daktari mtarajiwa.

Alisema hivyo na pini mdomoni, kama anavyomwambia kila mteja anayeingia dukani, kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu, na kelele zake zikaimeza sentensi niliyokuwa nimeianza. Nilitamani kulia, na nilitamani pia kumpiga mtu kwa birika la kahawa. Watahini wangu ni maprofesa watano, lakini sidhani kama kuna hata mmoja atakayenichosha kama watu hawa wawili.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja aliyeleta sketi ya kupunguzwa. Alikuwa amesimama muda wote huo, maana hakuna aliyesogea ili naye akae.

MAMA WA SKETI: Samahanini. Hizo roboti zikipona, zitamsaidia nani?

Kinyozi alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alichungulia kikombe chake, akakuta kitupu, akajifanya anakunywa. Kisha wote wawili wakamgeukia Baba, maana baba mtu hawezi kukosa kujua jambo kama hilo.

Cherehani ikasimama. Baba akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

BABA: Sijui.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

BABA: Miaka sita namsifia kwa watu. Sijamuuliza hata siku moja.

Akanyanyua kigoda chake kutoka nyuma ya cherehani, akakileta mpaka mbele ya magoti yangu, akakaa.

BABA: Zitamsaidia nani, mwanangu?

Safari hii hakuna aliyenikatiza. Nikafungua mdomo nimjibu, machozi yakatangulia.