Veronicah Namalwa: Mama Aliyetaka Tovuti Ziwajibike

Wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mliokuja kanisani hapa Mountain View kabla hatujaanza safari ya kwenda Kimilili: mimi ni Jackton Wesonga, kitinda mimba wa nyumba hii. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu. Jana kwenye mkutano wa mazishi kuna waliosema sehemu nyingine zirukwe, kwa kuwa waliobishana naye wamo humu ndani, na wengine walikuwa upande wake wakamwacha. Familia imekubaliana zisomwe zote. Namalwa hakuwahi kuficha alichosimamia, nasi hatutaanza kumfichia leo.

Veronicah Namalwa Wesonga alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Kibingei, Kaunti ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Mzee Maxwell Wesonga na marehemu Mama Rasoa Nekesa. Mama yetu alikuwa akisema Namalwa alianza kubishana kabla hajaanza kutembea. Siku moja chungu cha bibi kilipatikana kimepasuka, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu, akaitwa achapwe. Akakaa chini kwenye majivu, akasema hainuki mpaka kila mtu wa boma aulizwe, Baba akiwemo. Waliulizwa. Ilikuwa mbuzi. Tangu hapo Baba alimwita Hakimu, hata alipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yake.

Alisoma shule ya msingi ya Kibingei, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana mjini Bungoma, alikoongoza klabu ya mdahalo. Mwaka 1988 alikuja Nairobi akakaa kwa shangazi yetu Kangemi, akasomea kazi ya ustawi wa jamii na kuhitimu mwaka 1991. Kwa miaka mingi alihudumia watoto waliopotea, waliotupwa na waliotoroka. Mwaka 2008, yeye na wenzake wawili walipanga nyumba moja hapa karibu na Waiyaki Way, wakaiita Nyumba ya Tulizo. Ilikuwa ya wasichana waliouzwa. Hakupenda tutafute neno la kulainisha jambo hilo, kwa hiyo nami silitafuti.

Mume wake alimpata River Road. Alikuwa amekwenda kuchapisha mabango ya mtoto aliyepotea, na kijana wa mashine, Mutie Nzuki, akakosea tarakimu moja ya namba ya simu. Namalwa alirudi na rundo lote mkononi. Watu wa mtaa ule wanakumbuka aliyosema, nami sitayarudia kanisani. Mutie alichapa upya, akafunga duka mchana kweupe, akabeba gundi na kwenda naye kubandika. Mtoto alipatikana Machakos, na Namalwa alipokwenda kumchukua, Mutie alimsindikiza kwa kuwa ndiko kwao. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994, wakajaliwa watoto wawili: Stacy Kanyiva, ambaye ni wakili, na Kivuva, fundi wa umeme.

Sasa nafika kwenye mambo yaliyotuumiza nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka 2022 aliletwa Nyumba ya Tulizo msichana wa miaka kumi na sita. Tumwite Annah, ingawa si jina lake. Alikuwa ameuzwa kwa matangazo yaliyowekwa kwenye tovuti iitwayo Ubao Wetu, ambapo watu huuza viti, simu kuukuu na nyumba za kupanga. Picha yake iliwekwa kwenye ukurasa wa huduma za kukanda mwili. Namalwa aliwaandikia wenye tovuti, wakaitoa. Baada ya wiki ikarudi kwa jina lingine. Akaandika tena, ikatolewa, ikarudi. Annah alikuwa ameshaokolewa, analala chumba cha pili kutoka ofisini, na picha yake bado ilikuwa sokoni.

Ofisi za Ubao Wetu zilikuwa Kilimani, na mmoja wa mawakili wake alikuwa Kanyiva, binti yake.

Ulipoletwa Bungeni mswada wa kuziwajibisha tovuti zinazobeba matangazo ya kuuza watu, Namalwa aliushika kwa mikono miwili. Juni 2023 kamati iliwaita wananchi watoe maoni katika ukumbi mmoja katikati ya jiji. Nilikuwepo. Namalwa alisimama, akavua miwani.

"Mume wangu ana mashine ya kuchapa River Road," alisema. "Akiletewa bango la kumuuza mtoto, akalichapa akijua, mtamfunga pamoja na aliyelileta. Huyu wa mtandao ana baraka gani?"

Watu walipiga makofi. Kisha upande wa kampuni ukaitwa, na akasimama Kanyiva.

"Waheshimiwa, huyo mchapaji ni baba yangu. Husoma kila bango kwa sababu anaweza. Sisi tunaletewa maelfu kabla ya chakula cha mchana. Mkitufunga kwa neno la kila mtu, tutafunga ukurasa mzima, lakini wauzaji wa watoto hawatafunga. Watahamia kwenye makundi ya simu, mahali ambapo hata mama yangu hatawaona."

Ukumbi ukaguna kwa kuelewa. Namalwa hakuguna.

"Kama yanawashinda kusoma," alisema bila kuruhusiwa, "basi mmefungua duka msiloweza kulichunga."

Mwenyekiti akagonga meza. Aliyefuata kuzungumza alikuwa mwanamke ambaye hakuna kati yetu aliyemjua. Alisema anaitwa Waceke na kwamba anajiuza.

"Mimi ni mtu mzima, hakuna mtu aliniuza," alisema. "Kwa hiyo tovuti, mteja lazima aache namba. Mimi nauliza wenzangu, huyu ako na fujo? Wakisema ndiyo, siendi. Mkifunga, mimi narudi kusimama kwa barabara, naingia gari sijui ni ya nani. Mama, unaokoa watoto, Mungu akubariki. Lakini kwa hiyo sheria yako, mimi umeniweka wapi?"

Namalwa alivaa miwani, akamtazama. "Sikukufikiria," alisema, akaketi.

Nje, kwenye ngazi, Kanyiva alikuja kumshika mkono. Namalwa akauondoa.

"Ulinitaja mimi mama yako mbele ya watu ili iweje?"

"Kwa sababu ni kweli, Mama."

"Basi nenda ukaendelee kusema kweli huko Kilimani."

Kuanzia siku ile Kanyiva hakuja tena kula na wazazi wake Jumapili. Mutie ndiye aliyekuwa akivuka mji na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe ya kwao Ukambani, iliyofungwa kwa taulo, amwekee binti mezani, arudi, na aulizwe swali lile lile: "Amekonda?" Mutie akijibu hapana, Namalwa aliendelea na kazi yake. Salamu hazikutumwa, si kutoka huku wala kutoka kule.

Lakini alimtafuta Waceke. Walikutana kwenye hoteli ya chai Kangemi, tena na tena, na Namalwa akaanza kuyaandika upya mapendekezo yake. Alitaka mwanamke mzima asiguswe. Alitaka tovuti iwajibike pale inapoambiwa kuna mtoto ikanyamaza, au inapoendelea kuuza nafasi ikijua. Hilo liliwakasirisha wenzake. Mmoja wa wale walioanzisha naye Nyumba ya Tulizo alimwambia mbele ya wafanyakazi, "Binti yako amekununua." Akaondoka, na wengine wakamfuata. Wamekuja leo, nasi tunawashukuru kwa kuja.

Novemba mwaka ule, Jumamosi asubuhi, msichana wa miaka kumi na mitano wa Kangemi alikuwa ametoweka kwa siku mbili. Waceke ndiye aliyeiona picha yake kwenye Ubao Wetu, akamtumia Namalwa. Namalwa alipiga simu Kilimani. Mutie alikuwa mezani, na simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo tunajua kilichosemwa.

"Kanyiva, kuna mtoto kwa ukurasa wenu. Toa hiyo picha sasa hivi."

"Nimeiona, Mama. Siwezi toa saa hii."

"Unasema nini?"

"Nikiitoa, mwenye aliweka atajua. Atazima simu, atamhamisha huyo mtoto. Namba yake inatumika hapo mjini. Wapelelezi wako njiani na amri ya korti. Nipe muda kidogo."

"Watu wanaipigia hiyo namba. Vile tunaongea hapa, kuna mtu anapiga."

"Najua, Mama."

Mutie anasema mkewe alisimama, akashika mgongo wa kiti. Huyu ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya waheshimiwa kudai picha kama hizo zitolewe papo hapo, bila sababu yoyote ya kuchelewa.

"Iache," Namalwa alisema mwishowe. "Lakini usitoke kwa hiyo kompyuta."

"Siendi mahali."

Picha ilikaa. Namalwa alizunguka ua wa Nyumba ya Tulizo asubuhi nzima. Waceke alikuja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mchana wapelelezi walivunja mlango wa lojingi moja karibu na River Road, wakamkuta msichana akiwa hai, pamoja na wengine wawili ambao hakuna aliyejua wanatafutwa. Mwanamume aitwaye Thuo, mwenye namba ile, alikamatwa, na baadaye akafungwa.

Magazeti yalimpigia Namalwa simu kumpongeza. Aliwajibu wote maneno yale yale: "Ile picha ilikaa, na mimi ndiye niliyesema ikae. Msinipongeze." Kuna kitu msichana yule hakuwahi kumwambia, na Namalwa hakuwahi kumuuliza: kilichotokea kati ya simu ile na mlango kuvunjwa. Aliishi nacho mpaka mwisho. Jioni ya Jumamosi ile Kanyiva alikuja nyumbani kwao hapa Mountain View, akavua viatu mlangoni, akaketi. Mama yake akampakulia ugali na sukuma. Walikula, kisha Namalwa akasema, "Umekonda. Baba yako ni mwongo."

Mapema mwaka 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo yanayopita hadi mgongoni. Madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo, kisha akazidiwa tena. Agosti mwaka huo kamati ilifungua tena maoni, na mwenyewe hakuweza hata kukaa. Alimwita Kanyiva kando ya kitanda.

"Nisomee. Usipunguze, usiongeze."

"Mama, mimi ni wakili wa hao watu unawashtaki."

"Ndiyo maana watakusikiliza."

Kampuni ilimwambia Kanyiva kwamba akienda, asirudi. Alitafakari siku nzima, nasi tulimwona akitembea barabarani hapa nje huku na huku. Mama yake hakumsukuma wala hakumwita ndani. Kesho yake Kanyiva alipeleka kitambulisho cha kazi Kilimani, kisha akateremka mjini.

Alisoma yote. Alisoma kwamba tovuti ikipewa taarifa ya mtoto iwajibike kama mwenye nyumba aliyesikia kilio akaongeza sauti ya redio. Alisoma kwamba anayetoa picha ahifadhi namba na kumbukumbu kwa ajili ya wapelelezi, na kwamba wakati mwingine kuifuta haraka ni kumficha mwuzaji. Alisoma kwamba Waceke na wenzake wasiadhibiwe kwa kosa la waliowauza watoto. Alipomaliza, mwenyekiti akamuuliza, "Na wewe mwenyewe, wakili, unasemaje?"

"Leo nimekuja kusoma ya mama yangu. Yangu mnayo tangu mwaka jana, na si yote nimeyabadilisha."

Namalwa alikuwa akitazama kwenye simu ya Kivuva. "Amesoma vizuri," alisema. "Lakini kuhusu kifungu cha tano bado amekosea."

Waliendelea kubishana juu ya kifungu hicho hadi siku za mwisho: tovuti ipewe muda gani, nani aamue kama ni mtoto, na itakuwaje kwa kampuni ndogo za hapa nyumbani ilhali zile za ng'ambo hazikamatiki. Muuguzi aliyekuwa akija kumhudumia aliwaomba wapumzike. Namalwa alimwambia hiyo ndiyo dawa pekee isiyomtapisha.

Alituacha asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, nyumbani kwake hapa Mountain View, mume wake akiwa amemshika mkono na Kanyiva akiwa miguuni pake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Mswada haujapigiwa kura. Wanaouunga mkono na wanaoupinga wote wamo humu, na baadhi yenu mmeketi benchi moja bila kujuana. Familia haiwaombi mkubaliane. Inawaomba msiuache ulale.

Marehemu ameacha mume wake, Mutie Nzuki. Binti yake, Stacy Kanyiva, na mwanawe, Kivuva. Ndugu zake wanne tulio hai, mimi nikiwa mmoja wao. Mama mkwe wake kule Machakos. Na rafiki yake Waceke, ambaye familia imeomba atembee pamoja nasi nyuma ya jeneza. Ameacha pia wasichana waliopita Nyumba ya Tulizo. Majina yao hayamo kwenye karatasi hii kwa sababu alikataza, akasema yametangazwa vya kutosha. Wengine wako kati yetu asubuhi hii.

Tafadhali, msiwatafute kwa macho.

Bwana ampokee dada yetu Namalwa, na ampe utulivu aliowapa wengine.