Kamba ya Bi Titina

Kijiwe chetu ni benchi la mawe lililobanwa kwenye ukuta wa kikanisa kidogo, hapa Napoli, katika kichochoro ambacho jua hupita haraka kama mkaguzi wa tiketi. Juu yetu, ghorofa ya pili, kuna kibaraza cha Bi Titina. Kahawa yetu hushuka kutoka kwake ndani ya kikapu kilichofungwa kamba, na kwa kikapu hichohicho hushuka ufunguo wa kikanisa kila mgeni anapokuja kutazama picha. Mgeni anapaza sauti, "Bi Titina!", ufunguo unashuka. Akimaliza, unapanda. Ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake kabla ya hapo. Misa haijasomwa mle tangu lile tetemeko la ardhi, lakini picha ipo, ya Mama Maria, ya kale, kubwa kama mlango wa ghala. Asubuhi ile walikuwa wamekuja mabwana wawili wa jumba kubwa la makumbusho. Walipima mlango kwa futi, wakasema kesho wanaichukua picha, na ufunguo pia. Eti kwa usalama. Kama mnataka ibaki, wakatuambia, tupeni sababu: ina maana gani kwenu? Tukawajibu kwa kauli moja: njooni kesho. Basi mchana, matumbo yameshiba na macho yanafumba, tulikuwa tunaitafuta hiyo sababu.

Tulikuwa watatu. Kwaresima, aliyeuza tiketi za bahati nasibu maisha yake yote, na amekonda kama mtu aliyeanza kufunga akasahau kufungua. Tenori, anayeimba kwenye harusi, hata asizoalikwa. Na mimi, Nanga. Nimezunguka dunia kwa meli, nimezijua bandari zote na baa zake, na sijawahi kukanyaga jumba la makumbusho hata moja. Niliporudi nilikaa kwenye benchi hili nisinyanyuke, ndipo wakanipa jina. Ndani ya kikanisa alikuwamo mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka kaskazini huko, aliyeteremshiwa ufunguo muda si mrefu.

— Tuwaambie ukweli tu, akaanza Tenori. Yule Mama Maria ni bibi wa bibi yangu. Hebu tazama pua hii. Ndiyo ileile iliyoko ukutani.

— Picha ina miaka mia nne, we Tenori, akasema Kwaresima.

— Kwani pua hii unadhani imeanza jana?

— Msigombane, sauti ya Bi Titina ikashuka. Kahawa inapoa.

— Kahawa yenyewe leo kiduchu, Bi Titina!

— Ndiyo iliyobaki. Leo sina mikono ya kupika nyingine.

Kwaresima akasogea katikati ya benchi, akashusha sauti kama anayeuza siri.

— Wale hawataki picha. Wanataka vidole. Mama ameinua vitatu, mtoto viwili, malaika vinne. Hizo ni namba, bwana. Atakayezicheza kwenye bahati nasibu hatalala tena maskini.

— Mbona wewe umelala maskini miaka yote na picha iko hapo nyuma ya mgongo wako?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Picha iko ukutani, Kwaresima! Unainama kufanya nini?

— Mgongo ndio umeamua, mimi sijaamua kitu.

Nikaona wenzangu wanapotea, nikawaokoa.

— Nyie mko mbali. Nyuma ya ile picha kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna handaki linalopita chini ya bahari. Humo mfalme alificha mvinyo wake. Nilielezwa kule bandari ya Valparaiso.

— Na nani?

— Na mlevi mmoja.

— Mlevi gani anayejua habari za kichochoro chetu?

— Sijui. Mbele yangu kulikuwa na kioo.

Hawakucheka sana. Hata uongo siku ile ulikuwa umechoka. Tenori akasema malaika ana mabawa mekundu, Kwaresima akasema meupe, mimi nikasema hana mabawa, ana kofia. Kila mmoja akaapa kwa marehemu wake.

— Bi Titina! nikaita. Amua wewe. Kesho tuwaambie nini?

Tuliona mikono yake tu, inaikunja kamba na kuikunjua.

— Mimi niwaambie nini? Ufunguo ukienda, nani ataniita? Mwanangu anapiga simu Jumapili kutoka Torino, "Mama, u mzima?", amekata. Hawa wageni hawanijui, lakini jina langu wanalipigia kelele mpaka kichochoro kizima kinajua nipo.

— Sisi tutakuita, akasema Tenori.

— Nyie mnaita kahawa.

Tukatazama vikombe. Hapo mlango wa kikanisa ukalia, akatoka mgeni, viatu mkononi, kifuani amebandika vibandiko vya makumbusho yote aliyopitia tangu asubuhi. Akaketi kati yetu bila kukaribishwa, miguu imemvimba kama mikate.

— Wazee wangu, shikamooni, akasema kwa lugha yetu aliyojifunza vitabuni. Leo nimewaona akina Mama Maria mpaka wote wamekuwa na uso mmoja. Lakini huyu wenu... Yule mwanamke wa pembeni mwa picha, aliye dirishani, anayeteremsha kikapu kwa kamba. Mle kikapuni mna nini? Ile taa ya kutumbukiza sarafu ilizimika kabla sijaona.

Tenori akaiachia pua yake. Kwaresima akakohoa. Mimi nilikumbuka kwamba mara ya mwisho niliingia mle nikiwa mtoto wa kaptura.

— Kikapu? ikauliza sauti kutoka kibarazani. Mwanamke gani huyo?

— Wa dirishani, mama. Hujamwona?

Kule juu mikono ikaacha kuikunja kamba.

— Mimi nateremsha ufunguo, akasema Bi Titina. Sijawahi kushuka nao. Picha ni yetu, nikajua haiendi popote.

Kisha tukasikia ndara kwenye ngazi. Zinashuka, zinapumzika, zinashuka. Akatokea mlangoni mwa nyumba yake na aproni yake, mdogo kuliko tulivyomzoea kule juu.

— Nani ana sarafu ya taa?

Wanaume watatu tukageuza mifuko. Mgeni ndiye aliyetoa. Bi Titina akaingia peke yake, akafunga mlango. Tenori akalipindua birika la kahawa juu ya kikombe chake. Halikutoa hata tone. Tukangoja.

Alipotoka, alikuwa amejifuta uso kwa aproni na ufunguo anao mfukoni.

— Mna nini kikapuni? tukauliza wote.

— Miguu mnayo. Ingieni mtazame.

— Na mabwana wa kesho?

— Waje waniite. Waite mpaka makoo yakauke. Mkiona wamechoka, waambieni kamba ya Bi Titina imekuwa fupi.

Akazipanda ngazi, ndara zikipumzika kila ghorofa. Mgeni akavaa viatu, akatuacha na sarafu moja juu ya benchi. Tukaitazama kitambo. Kisha magoti ya Kwaresima yakalia, yakafuata ya Tenori, na hata nanga ikang'oka. Tukasimama katikati ya kichochoro, vichwa juu.

— Bi Titina!

— Kahawa imekwisha! akajibu.

— Siyo kahawa! Ufunguo!

Kisha kikapu kikaanza kushuka, taratibu, na kamba ikatosha.