Mlinzi wa Geti Ana Mtihani

Kemuma alikaa katikati ya kiti cha nyuma cha teksi ya Probox iliyokuwa ikitoka Nyamira kwenda Kisii. Kushoto alikuwa mwalimu mstaafu, kulia kijana wa sare za ulinzi, na maneno yao yote yalipita mbele ya pua yake.

"Uko mwaka wa tatu chuoni, na unalinda geti la chuo hicho hicho?" mwalimu alishangaa. "Sisi tulikuwa tunasoma tu."

"Serikali ilikuwa ikiwalisha, mwalimu. Hata mimi nikishiba nasoma vizuri sana."

Kemuma alijikohoza ili asicheke.

"Na darasani unafika saa ngapi?"

"Nachelewa. Juzi mhadhiri alinifukuza kwa kuchelewa. Nilikuwa nimechelewa kwa kukagua gari lake."

"Basi acha hiyo kazi!"

"Asante kwa ushauri. Leo mtihani unaanza saa nane, na zamu yangu pia saa nane. Nikikosa zamu, nafutwa. Nikifutwa, sina karo, na bila karo hakuna mtihani. Wewe uliyesoma ukiwa umetulia, nichagulie."

Mwalimu akageukia dirisha na kuanza kusifu mashamba ya chai ya watu.

Gari liliposimama karibu na chuo, kijana alishuka haraka. Kemuma, ambaye binti yake, Gesare, alikuwa anajiunga na chuo hicho mwezi ujao, alichungulia nje.

"Kijana wangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "hapo getini wanaajiri wasichana pia?"