Kapi la Mwezini la Mzee Silvano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Silvano Ndahani, fundi sanifu wa maabara katika shule yetu hapa Ipagala, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Nimeombwa niandike mimi haya ya kumuaga kwa kuwa nimejitolea chini yake tangu nimalize kidato cha nne. Kusimama na kusema mbele ya watu nisingeweza.

Mzaliwa huyu wa Mpwapwa alianzia kazi Kongwa, kisha akahamishiwa kwetu. Wengi wanamjua kwa kituo cha mwezini cha klabu yake ya sayansi. Tangi la maji lililopasuka alililaza uani likawa nyumba ya wanaanga, na kwenye boriti ya maabara akafunga kapi, gurudumu la kupitishia kamba. Ncha moja ya kamba ilikuwa na mkanda wa kiunoni, nyingine mifuko ya mchanga. Mwanafunzi wa kilo arobaini na nane alipowekewa kilo arobaini za mchanga, miguu yake ilibeba nane tu, kama angekuwa mwezini. Tuliruka, tukacheka.

Lakini kila aliyeshuka alizunguka maabara mara tatu na ndoo ya maji kichwani. Hakusamehewa mtu. Mzee alieleza kwamba mwezini misuli hunywea na mifupa hupungua, ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kila siku. Mwili usiobebeshwa mzigo, alisema, husahau kazi yake.

Mkaguzi mmoja alijitaja kuwa na kilo tisini, akapewa mchanga wa kilo sabini na tano, akapaa hadi kwenye boriti. Mzee alimshusha taratibu, akamwambia kwa heshima zote kwamba mwezini uongo wa kilo hujulikana mapema.

Agosti mwaka jana, mkewe, Bi Loisi, alianguka akianika uwele, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, na daktari akaagiza aanze kusimamishwa wiki ya pili. Mzee Silvano alimwonea huruma. Alimlisha, alimbeba, hata kikombe hakumwachia ashike. Mama akilia kwa maumivu, mazoezi yaliahirishwa. Ilipita miezi minane. Alipokuja kumsimamisha, miguu ilikuwa imekwisha nguvu.

Alituambia mwenyewe katika kipindi chake cha mwisho cha klabu, mwezi Mei, akiwa ametazama ubao: "Nimefundisha mwezi miaka yote hii, halafu nikaujenga nyumbani kwangu." 

Mkuu wa shule, Mama Emiliana, alimwombea mkataba wa miaka miwili zaidi. Akaukataa. Kwa desturi yetu mstaafu huchagua zawadi yake, na waliotangulia walichukua mabati au godoro. Yeye aliomba kapi, mkanda na mifuko ya mchanga. Walimu wengine walinung'unika kwamba bila kapi klabu itakufa, na ni kweli, imekufa. Tangi sasa linatunza mafagio.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, tulilifunga kapi nyumbani kwao. Bi Loisi ana kilo arobaini na mbili, tukaweka mchanga kilo thelathini na tano. Akasimama, jasho likimtiririka, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Mpango ni kupunguza kilo moja kila Jumamosi hadi mchanga uishe. Daktari hakuahidi kitu. Amesema miezi minane ni mingi.

Jumamosi iliyopita tuliondoa kilo ya kwanza. Magoti yalikunjika, akaning'inia kwenye mkanda. Mzee akainama upesi kuurudisha ule mchanga.

Bi Loisi akamwambia mumewe, "Uache hapo chini, Baba Fabian. Usinionee huruma tena."

Akauacha. Tulipoondoka mama alikuwa bado anajaribu, na mzee amesimama pembeni, mikono ameifunga nyuma.

Mzee Silvano, asante kwa ndoo zote ulizotubebesha. Hatujui kama mchanga utaisha. Tunawatakia wewe na mama safari njema ya kurudi duniani, hata kama ni kilo moja kwa Jumamosi.

Yasinta, maabara