Nani Amesema Iniverisite Inafunga?

Mi Zubeda, kahawa nauzia hapa Bwiza, mbele ya duka la vitambaa la Suud. Benchi ni yangu, hata kama wanaume wanaikalia toka asubuhi kama wameirithi. Mwaka huu wa embargo, mipaka imefungwa, sukari haionekani, basi wanakunywa chungu na kusema sana. Leo walimuzunguka Divin, mutoto wetu wa iniverisite, anayeandika memwari yake ya kumaliza masomo, juu ya bei ya sukari hapa Bwiza. Asistan wake, mwalimu anayemusimamia, amemurudishia kazi, wino mwekundu mutupu: kila mahali ameandika "watu wanasema", bila kusema ni nani. Vita imeshamulia mwaka muzima. Kesho asubuhi asipoipeleka imetengenezwa, na huu nao umekwenda.

— Asistan huyo anatuzarau, akasema Suud, tunayemwita Ministre. Hao watu wanaosema ni sisi!

— Weka jina ya Mufaransa, akasema Musafiri, ambaye kwetu ni Radio. Jina refu, na namba ya ukurasa.

— Na wakitafuta hicho kitabu? Divin akauliza.

— Na embargo hii? Radio akajibu. Kitapita wapi?

— Chagua Mufaransa aliyekufa, Ministre akaongeza. Mufu hawezi kukana.

— Weka wafu wawili, akasema Radio. Mumoja atamushuhudia mwenzake.

— Muacheni mutoto! nikawaka. Mutamufukuzisha!

— Tulia, Mama Zubeda, akasema Ministre. Haraka ya nini? Si kesho iniverisite inafunga?

Divin akaweka kikombe chini, uso ukamufunguka. Nikafurahi naye, wallahi.

Mara asistan mwenyewe akatokea. Ni Adil, kijana wa hapa hapa Bwiza, anapitaga kwangu kila jioni mbele ya kuvrefe, ile saa ya kila mutu kuwa kwake. Ministre akamupigia kelele:

— Patron, kapumzike! Kesho munafunga!

— Nani amesema?

— Radio.

— Mi nimeitoa kwa Mama Zubeda, akasema Radio.

Macho yote kwangu.

— Mi... nimeisikia kwa Divin. Asubuhi.

— Apana, Mama, Divin akasema pole pole. Mi niliuliza tu. Niliuliza kama mumesikia wanafunga, ju sijamaliza.

Tulicheka mpaka Ministre akajimwagia kahawa. Adil naye alicheka, kisha akamugeukia Divin.

— Unaona kwa nini nakusumbua? Si ju ya pointi. Ile siku iliposemwa wanakuja kutushambulia, mutaa muzima tulikimbia na magodoro kichwani, na Mama Nsimire akavunjika muguu kwa mufereji. Hakuja mutu. Nani alisema wanakuja?

Radio akaangalia Ministre. Ministre akaangalia viatu vyake. Mi nilijishugulisha na vikombe, na roho iliniuma, ju Nsimire ni jirani yangu, na mi ndiye niliyemugongea mulango nikimwambia kimbia. Nani aliniambia mi? Mpaka leo sijui.

Divin akatoa biki na karatasi.

— Ministre, ile bei ya sukari uliyonipa, ulinunua we mwenyewe?

Ministre akajikuna kidevu.

— Apana, akasema. Niliambiwa. Simama, twende tumuulize anayeuza, kuvrefe haijafika.

Wakashika njia ya soko, na Radio akawafuata.