Jina Ambalo Eunice Tully Hakulitamka

Wazee wetu wa mtoni, mchungaji, ndugu, majirani wa Pelham na wageni mliotoka mbali, kwa niaba ya familia nawakaribisha na kuwashukuru kwa kuja kumsindikiza mama yetu leo, Jumamosi tarehe 17 Aprili 2021, na kabla sijaanza niwaambie kwamba mama mdogo Noreen ameruhusu jina la marehemu litajwe katika usomaji huu na kaburini tu, baada ya hapo tutamwita Bibi, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo wenye watoto waliopewa jina hilo wajiandae kuwaita kwa namna nyingine.

KUZALIWA. Marehemu Eunice Tully alizaliwa mwaka 1938, msimu wa baridi, mahali panapoitwa Goti kwa lugha yetu, kwa sababu mto pale umejikunja kama mtu aliyekaa chini, ingawa ramani inapaita Kona ya Pelham, na tarehe tuliyoandika kwenye jeneza, yaani 1 Julai, aliitoa mkuu wa misheni, aliyewapa watoto kumi na wanne siku moja ya kuzaliwa ili asipate taabu na daftari. Alikuwa mtoto wa kwanza wa wawili, wa pili akiwa Noreen, mliyemwona amekaa hapa mbele na kofia ya bluu, na mama yao alifariki wangali wadogo, wakalelewa na bibi yao mzaa mama, Bibi Lottie.

ELIMU. Mwezi wa Mei 1945 lori la polisi lilifika Goti, likawachukua Eunice na Noreen mpaka misheni ya Mtakatifu Aidan, wakawekwa katika bweni la wasichana, ambalo mlango wake ulifungwa kwa nje kila siku baada ya uji wa jioni, na madirisha yake yalikuwa na wavu wa chuma, mama alikuwa akisema ule wavu uliwazuia mbu vizuri sana, hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kuupa. Alisoma mpaka darasa la nne, akajua kusoma, kuhesabu na kupiga pasi, na kila aliposikika akisema neno la lugha yetu mdomo wake ulioshwa kwa sabuni ya kufulia.

Bibi Lottie aliwafuata kwa miguu, siku tisa, akaomba kazi ya kufua pale misheni akapewa, na kila Jumatatu wasichana walipopeleka mashuka yeye alimpa Eunice majina ya mto, moja kwa kila shuka, kutoka chemchemi mpaka baharini, Mbwa Alilala, Moshi Umekataa Kupanda, Mkwe Asipite, Goti, na Eunice akirudi bwenini akisugua sakafu alikuwa akiyarudia kimoyomoyo, ubao mmoja jina moja, midomo imefungwa, hata akayamaliza yote thelathini na moja isipokuwa jina la ziwa moja dogo lenye kina chini ya mwamba mwekundu, ambalo bibi yake alimwambia litasubiri mpaka awe mama.

KAZI NA NDOA. Mwaka 1954, akiwa na miaka kumi na sita, alipelekwa Ranchi ya Kelso kuwa msaidizi wa jikoni, baadaye akawa mpishi mkuu, na mliokula mkate wake wa majivuni na mkia wake wa kangaruu hamhitaji maelezo yangu. Huko alikutana na mchunga ng'ombe Ambrose Tully, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1959 baada ya kusubiri miezi minane ruhusa ya msimamizi wa wenyeji, kwa kuwa siku hizo mtu wetu hakuoa, hakuhama wala hakumtembelea mgonjwa bila karatasi ya msimamizi, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Della, aliyezaliwa 3 Mei 1960, Clem, aliyezaliwa 19 Februari 1963, ndiye anayewasomea, na Ruby, aliyezaliwa 1965 akafariki akiwa na miezi saba, amezikwa kule ranchi.

Mwezi wa Agosti 1966 alikuja Kelso mpimaji ardhi wa serikali, Bwana Leckie, mtu mpole, alikuwa anatengeneza ramani na alitaka majina ya wenyeji, na siku ya tatu msafara ulipopumzika kando ya lile ziwa dogo, marehemu akiwa ameshika birika la chai, Bwana Leckie alimuuliza, "Na hapa panaitwaje?"

Marehemu alikuwa bado hajapewa jina lile, na hata angekuwa nalo halikuwa la kutamkwa mbele ya wanaume, lakini meneja wa ranchi alikuwa amesimama pale pale, akamwambia, "Mjibu bwana, Eunice, au unataka niandike barua Ambrose arudishwe misheni kwa kuwa mkewe ana kiburi?" naye akatazama huku na huku, akaona wanaume sita, farasi na mwamba, hakuona pa kupitia, akasema kwa lugha yetu, "Gabindu rra," maana yake, muulize bibi.

"Rudia taratibu, tafadhali," akasema Bwana Leckie.

"Gabindu rra."

"Jina zuri sana," akasema, akaliandika Gabindurra, akashukuru, akaomba sukari.

Bibi Lottie alipoletewa habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Sasa mbona haji kuniuliza?" lakini tarehe 9 Juni 1971, wiki mbili kabla ya kufariki, aliomba apelekwe ziwani, akampa Eunice lile jina na habari yake yote, kwa masharti mawili, kwamba lisisikiwe na mwanamume yeyote, na kwamba litolewe pale pale, miguu ikiwa majini, si penginepo.

Ramani ilitoka mwaka 1974. Wakati huo wazazi wetu walikuwa wamehamia hapa Pelham, mama akipika katika shule ya msingi, na mwaka 1979 shule yenyewe ikaitwa Gabindurra, kisha kituo cha mafuta, kisha timu ya mpira, na kijitabu cha wageni kikaandika kwamba neno hilo maana yake ni maji ya furaha, hata watoto wakatungiwa wimbo wa shule, na sisi tuliokuwa tunaijua lugha tulikuwa tunapita chini ya kibao tukisema, "Twendeni zetu Muulizebibi," tunacheka. Mama hakucheka nasi. Mwaka 1981 alivaa gauni lake la kanisani akaenda ofisi ya mji kuomba kibao kibadilishwe, karani akamuuliza kibadilishwe kiwe nini, mama akainua mkoba wake, karani akamwambia, "Basi, mama, tuletee jina sahihi tulipige muhuri," akarudi nyumbani akavua viatu akaendelea na kazi, na kwa miaka ishirini na mbili aliyopika katika shule ile aliusikiliza ule wimbo kila asubuhi akiwa amesimama jikoni.

KESI YA ARDHI. Wengi wenu mlikuwepo Jumanne ile, tarehe 17 Agosti 1999, mahakama ya ardhi iliposikiliza madai yetu katika ukumbi huu huu, na marehemu alikuwa shahidi wetu mkubwa, alitaja majina thelathini ya mto bila karatasi, jaji akiandika mpaka mkono ukamchoka, ndipo wakili wa upande wa pili akasimama na ramani.

"Mama Tully, Gabindurra ulilitoa wewe?"

"Ndiyo."

"Lina maana gani?"

"Muulize bibi."

"Nakuuliza wewe, mama."

"Nami nakujibu, mwanangu. Ndiyo maana yake, muulize bibi."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, jaji naye akajificha nyuma ya karatasi zake, lakini wakili alisubiri kimya kirudi, akasema, "Kwa hiyo ulimdanganya afisa wa serikali."

"Aliuliza, nikamjibu. Hakuniuliza maana."

"Basi leo tuambie jina la kweli, na kwa nini ziwa hilo ni takatifu kwenu, maana bila hilo mahakama ina neno lako tu, na neno lako tumeona linavyokwenda."

Hapo ndipo mama yetu alipofungiwa kwa mara ya pili, mchana, mlango wa ukumbi ukiwa wazi. Jaji, aliyekuwa mtu wa haki, alimpa njia moja baada ya nyingine, akamwambia aliandike litiwe ndani ya bahasha, akajibu kuwa karatasi haichagui msomaji, akamwambia wanaume wakae mbali, na wakili msaidizi wa upande wa pili, mwanamke, alisikie ziwani, mama akainua kichwa, akauliza, "Huyo binti ataweza kukaa nalo bila kuwapa wakubwa wake?" na jaji akatazama meza, akasema, "Hapana, mama, sheria inamtaka awaeleze." Mama akaomba maji ya kunywa, akanywa glasi yote, watu mia mbili wakimtazama, ndugu zake wa damu wakimtazama, tukaona midomo yake inafunguka, ikafungwa, akasema, "Basi sina."

Hukumu ilitoka tarehe 6 Machi 2001, tulipata mto, tukakosa ziwa, likabaki ndani ya uzio wa Kelso, na sitaficha yaliyofuata kwa kuwa yeye mwenyewe alisema yasifichwe. Watu walimlaumu, wengine walisema hajui jina lolote, amezeeka na uongo wake, na mama mdogo Noreen, aliyelala naye kitanda kimoja bwenini, alisimama mlangoni kwetu akasema, "Neno moja tu, Eunice! Ungesema neno moja tu, leo tungekuwa tunakanyaga maji ya mama yetu!" marehemu akamjibu, "Njoo nikupe uone uzito wake," Noreen akasema, "Baki nalo," na hawakusemeshana kwa miaka kumi na tisa, wakikaa mitaa miwili tofauti ya mji huu mdogo, wakikutana dukani na kutazama makopo. Hata mzee Ambrose alipofariki, 30 Oktoba 2008, Noreen alisimama nje ya uzio wa makaburi.

UGONJWA NA KIFO. Mwaka 2016 figo zake zilishindwa kazi, na kwa kuwa mashine ya kusafisha damu haikuwepo hapa, ilibidi akaishi Townsville, mwendo wa saa tisa kwa gari, katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama maegesho, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi amefungwa kwenye mashine saa tano kila safari, na alipenda kuwaambia wauguzi, "Misheni walitufunga kwa kufuli, ninyi mnanifunga kwa mpira, angalau ninyi mnaniletea chai." Aliwapenda, nao walimpenda, lakini tulikuwa tunahesabu, kwenda Goti, kukaa kidogo, kurudi, siku zilitosha kwa shida, na kila mwaka alisema mwakani.

Mwezi wa Februari mwaka huu alimpigia simu Noreen. Hatujui waliongea nini, tunajua tu kwamba Noreen alipanda basi, na Jumamosi tarehe 20 Machi, mashine ilipomwachia mama saa saba mchana, gari lilikuwa linasubiri nje, ndani yake Noreen, Della, na binti wa Della, Tamsin, mimi dereva, na Jumapili asubuhi wenye ranchi wa sasa, Bwana na Bibi Hallam, walitufungulia geti wakatupa ruhusa ya siku moja.

Mimi nilibaki na gari juu ya mwamba, nimegeuza mgongo kama nilivyoagizwa, nikachemsha chai, na kutoka kule chini nilisikia maji, sauti ya mama, kisha sauti ya mtu mzima akilia, na sikujua ni ya nani. Walikaa kama saa tatu. Walipopanda, sketi zao zikichuruzika, Tamsin alikuwa amembeba bibi yake mgongoni, na mama mdogo Noreen akaja akachukua kikombe mkononi mwangu, akanywa chai yangu yote, akasema, "Clem, sasa najua kwa nini alinyamaza."

Jioni hiyo mvua ilifunga barabara pande zote mbili, tukakwama katika nyumba ya geti, Jumanne ikapita bila mashine, Alhamisi ikapita, miguu yake ikavimba na pumzi ikawa fupi, nami nilimwambia kwa uchungu, "Mama, ulijua mvua inakuja," akanijibu, "Redio niliisikia, mimi si kiziwi," akalala akiwa ameegemea bega la Noreen, wanasemeshana kwa lugha, wanacheka kama wasichana. Ndege ya madaktari ilitua Ijumaa tarehe 26, akarudishwa hospitalini Townsville, wakajitahidi kadiri ya uwezo wao, na Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 2021, saa nne asubuhi, mama yetu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, kwa hesabu ya misheni.

SHUKRANI. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakutulaumu kwa siku zile mbili zilizokosekana, rubani wa ile ndege, familia ya Hallam kwa blanketi, supu na simu yao, wapishi wenzake wa shule, mchungaji, na majirani wote mliokaa nasi, pamoja na ninyi mliomsema vibaya ambao leo mmekuja, kwa kuwa alituagiza mpewe chakula kwanza.

Ameacha mdogo mmoja, watoto wawili, wajukuu saba na vitukuu kumi na mmoja. Mahali pale kuna wanawake watatu wanaopajua kwa jina, wamekaa mstari wa mbele, msiwaulize.

Mama, milango yote iko wazi, pumzika kwa amani.